Printa kuukuu, kompyuta za kila aina: Afisi ndogo inavyoweza kuziunganisha bila ya kununua mashine mpya

MKULIMA wa tungule wa Unguja hana muda wa kupoteza. Matenga yakishapakiwa kwenye gari alfajiri kuelekea hoteli za Nungwi, Kiwengwa au Paje, jua ndilo linalohesabu saa. Lakini mpokea mzigo aliyekaa kwenye lango la nyuma la hoteli hatazami tungule kwanza. Anataka karatasi: ankara ya mzigo, na nakala ya kutia saini kwamba umepokelewa.

Karatasi hiyo ikikosekana, mzigo husimama nje ukiiva zaidi kuliko inavyotakiwa, au hupokewa kwa ahadi ya mdomo na mwisho wa mwezi mhasibu wa hoteli akawa hana cha kulipia. Mambo ni hayo hayo kwa anayesafirisha viungo kwenda Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi kutoka Malindi. Hati zake zote ziwe mkononi kabla ya boti kung'oa nanga, na boti haimsubiri mtu aliyekwenda kutafuta mahali pa kuchapia.

Ndiyo maana printa, mashine ambayo wengi huikumbuka siku inapogoma tu, ni chombo cha kazi kama mizani. Na katika afisi nyingi ndogo za Mji Mkongwe na Ng'ambo, printa iliyopo ni ya zamani.

Sura ya afisi hizo inafahamika. Kuna kompyuta ya mezani iliyonunuliwa enzi za Windows XP, ambayo bado inatunza hesabu kwa sababu programu ya hesabu haijapata pa kuhamia. Kuna laptopu mpya yenye Windows 11. Kuna Macintosh iliyoletwa na jamaa kutoka Muscat au Ulaya, ambayo kijana wa afisi ameipenda na haachi kuitumia. Kuna simu ya mwenye biashara, ambayo ndiyo inayopokea maagizo ya hoteli. Kila chombo kiliingia kwa wakati wake na kwa pesa ya wakati wake, na hakuna aliyekaa akapanga kwamba siku moja vyote vitataka kuchapa kwenye mashine moja iliyonunuliwa mwaka 2001 au 2004.

Kwa hiyo printa hufungwa kwenye kompyuta moja, na wengine hubeba flashi. Mwenye Mac anaandika ankara, anaitia kwenye flashi, anamwomba mwenzake anyanyuke, anachapa. Ni njia inayofanya kazi mpaka siku kirusi kinapopanda flashi hiyo. Miaka ya 2008 na 2009 kirusi cha Conficker kilienea duniani kote, na flashi ilikuwa mojawapo ya magari yake. Kompyuta ya XP, ambayo Microsoft iliacha kuitolea marekebisho tangu Aprili 2014, haina kinga ya maana dhidi ya vitu kama hivyo. Kuiwekea flashi za kila mtu kutwa nzima ni sawa na kuacha ghala la karafuu wazi usiku.

Siku ya pili mtu hushauriwa anunue printa mpya. Mara nyingi ushauri huo hutolewa kwa haraka. Printa nyingi zinazotupwa hazina ubovu wowote. Zimekosa tu njia ya kuzungumza na kompyuta zilizokuja baadaye.

Swali la kwanza ni lugha

Kabla ya kununua waya wowote, mwenye afisi anahitaji kujua jambo moja kuhusu printa yake: inaelewa lugha gani? Hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea, na ndipo mafundi wengi wanaporuka.

Kompyuta haimtumii printa picha ya karatasi moja kwa moja. Humtumia maelezo. Zipo lugha za maelezo hayo zilizokuwapo tangu miaka ya 1980. PCL ni ya kampuni ya HP, na PostScript ni ya Adobe. Printa inayojua mojawapo ya hizo ni kama mpishi anayejua kazi yake: anaambiwa "pika pilau ya watu kumi", na yeye mwenyewe anajua bizari ya pilau inaingia lini na mchele unatiwa wakati gani. Haijalishi aliyemwagiza ni Mmakunduchi au Mpemba, maadamu agizo limefika kwa maneno anayoyaelewa.

Aina ya pili ni printa za bei nafuu zilizojaa madukani kuanzia miaka ya 2000. Hizo hazijui kupika. Kazi yote ya kupanga nukta za wino hufanywa na kompyuta, na printa husubiri kuambiwa kila chembe iende wapi, kwa lugha ya siri ya kiwanda chake. Kompyuta isiyo na programu ya kiwanda hicho haiwezi kuiagiza chochote.

Mfano mzuri ni ndugu wawili wa ukoo mmoja. HP LaserJet 1320 ilitoka mwaka 2004. Inaelewa PCL na PostScript, inachapa pande mbili za karatasi yenyewe, na ina matundu mawili, la USB na lile pana la zamani. LaserJet 1020 ilitoka mwaka uliofuata, ni ndogo na ya bei nafuu, na ilipendwa sana Afrika Mashariki. Mtu angedhani iliyo mpya zaidi ndiyo rahisi zaidi kuunganisha. Ni kinyume chake. 1020 ni ya aina ya pili, sawa na Canon LBP2900 ambayo nayo imeenea maafisini.

Tena 1020 ina tabia moja inayomhusu mtu wa Unguja kuliko mtu wa Ulaya. Haihifadhi programu yake ya ndani. Kila inapozimwa na kuwashwa, ni lazima kompyuta iipakie upya programu hiyo, ndipo iamke. Mahali ambapo umeme haukatiki, mwenye printa hatalijua hilo kamwe. Unguja ni pengine. Wakaazi wa kisiwa hiki hawajasahau Mei na Juni 2008, walipokaa karibu mwezi mzima bila ya umeme, wala kiza cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tangu mwaka 2013, ilipozinduliwa kebo ya pili chini ya bahari kutoka Ras Kilomoni hadi Fumba yenye uwezo wa megawati 100, hali si ile tena. Lakini umeme wa kukatika nusu saa na kurudi bado upo, na nusu saa hiyo inatosha kuilaza 1020 usingizi ambao kisanduku cha kawaida cha mtandao hakiwezi kuiamsha.

Kujua printa ni ya kundi gani si kazi ngumu. Takriban printa zote za leza zina kitufe ambacho kikibonyezwa, au kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa, hutoa ukurasa wa maelezo ya mashine yenyewe bila ya kompyuta. Ukurasa huo ukitaja PCL au PostScript, hiyo ni printa ya kuitunza. Usipotaja chochote kati ya hivyo, subira inahitajika, na huenda pia mkoba.

Inafaa pia kutazama jina lililoandikwa mbele ya mashine. Herufi "n" ikifuata nambari, kama ilivyo kwa 1320n au 4050N, maana yake printa ilitoka kiwandani na tundu la mtandao. Wapo watu waliokaa na printa ya namna hiyo miaka kumi, tundu limeziba kwa vumbi, wakiitumia kwa waya wa USB.

Njia tatu, na moja ya kuepuka

Njia iliyozoeleka ni kuiacha printa kwenye kompyuta moja ya Windows na kuwaruhusu wengine waitumie kupitia kompyuta hiyo. Haigharimu kitu, na kwa miaka mingi ilitosha. Siku hizi ndiyo inayoleta ugomvi mwingi zaidi.

Sababu ya kwanza ni kwamba kompyuta hiyo ni lazima iwe macho muda wote. Mhasibu akifunga akaenda Msikitini, printa nayo imefungwa. Sababu ya pili ni kwamba Windows za zamani na mpya haziamkiani tena. Kuanzia mwaka 2017 Microsoft ilianza kuiondoa kwenye Windows 10 ile njia ya zamani ya kugawana vitu ambayo ndiyo pekee XP inayoijua. Kisha mwaka 2021 likagunduliwa tundu kubwa la usalama kwenye sehemu ya Windows inayosimamia uchapaji, ambalo watafiti waliliita PrintNightmare. Marekebisho yaliyotolewa kuliziba yalizivuruga afisi nyingi duniani. Asubuhi watu walifungua kompyuta wakakuta printa waliyoitumia jana inatoa kosa la 0x0000011b na haipokei kazi.

Dawa ya haraka iliyosambaa ilikuwa kuingia ndani ya Windows na kuuzima ulinzi huo mpya. Printa hurudi, kweli. Lakini ni kuvunja kufuli kwa sababu ufunguo umepotea, na kisha kuacha mlango bila ya kufuli. Afisi inayotunza hesabu za wakulima 40 isikubali dawa hiyo.

Njia ya pili ndiyo inayozifaa afisi nyingi: kuitoa printa kwenye kompyuta na kuipa makaazi yake yenyewe kwenye mtandao. Kama ina tundu la mtandao, ni kuchomeka waya kwenye ruta basi. Kama haina, kinanunuliwa kisanduku kidogo ambacho upande mmoja kinapokea waya wa mtandao na upande wa pili kinaingia kwenye printa. Vipo vya tundu la USB na vipo vya lile tundu pana, kwa mfano TP-Link TL-PS110U na TL-PS110P. Vinapatikana pia vya mtumba kutoka afisi kubwa zilizobadilisha mashine, na hivyo visidharauliwe, kwa kuwa hakuna kitu cha kuchakaa ndani yake zaidi ya adapta ya umeme.

Printa ikishakaa hivyo, hakuna kompyuta inayomtegemea mwenzake. XP haihitaji kuamkiana na Windows 11. Kila moja inaipelekea printa kazi yake moja kwa moja, na printa inapanga foleni. Kisanduku hiki kinafaa kwa printa za kundi la kwanza, zile zinazojua PCL, PostScript au lugha nyengine ya wazi. Kwa 1020 na wenzake, mara nyingi ni pesa iliyotupwa baharini, na ni vyema muuzaji akubali kwa maandishi kukirejesha endapo hakitafanya kazi.

Kwa hizo kuna njia ya tatu. Ni kompyuta ndogo ya bei nafuu inayokaa karibu na printa na kufanya kazi moja tu ya kuisemea. Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012 na yenye ukubwa wa pakiti ya sigara, inatosha, na inakula wati chache tu za umeme. Hata laptopu kongwe iliyovunjika kioo inafaa, na hiyo ina faida ya betri yake yenyewe. Ndani yake huwekwa Linux pamoja na CUPS, programu ya bure ya kusimamia printa iliyoanza kutolewa mwaka 1999. CUPS si mgeni kwa mwenye Mac: Apple iliiingiza kwenye kompyuta zake mwaka 2002, na mwaka 2007 ikainunua kabisa.

Watu wa Linux walikwisha kuitegua lugha ya siri ya printa kadhaa za bei nafuu, 1020 ikiwemo. Kompyuta hiyo ndogo ikiona 1020 imewashwa, huipakia programu yake ya ndani papo hapo. Umeme ukirudi saa kumi alfajiri wakati watu wamelala, saa kumi na moja na nusu printa iko tayari. Kazi ya kuiweka inataka kijana anayejua Linux, na skuli na vyuo vya Unguja vinawatoa. Ni kazi ya siku moja, si ya wiki, na malipo yapatanwe kabla.

Anwani isiyohama

Kosa linalowarudisha mafundi mara kwa mara, na kuwalipa mara kwa mara, ni la anwani. Kila chombo kwenye mtandao wa afisi kina anwani ya nambari. Kwa kawaida ruta ndiyo inayozigawa, na huweza kumpa mtu nambari nyengine kesho. Kwa simu haina neno. Kwa printa ni kama duka linalohama mtaa kila umeme unapokatika: leo Kiponda, kesho Shangani, na wateja wanagonga mlango wa zamani.

Kwa hiyo printa au kisanduku chake kipewe anwani ya kudumu. Ikiwa ruta inagawa nambari kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.150, basi printa inaweza kuwekwa 192.168.1.200, nje ya mgawo. Nambari hiyo iandikwe kwa kalamu isiyofutika na kubandikwa ubavuni mwa printa. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu atashukuru.

Kwenye Windows, mpya au kongwe, printa huongezwa kwa kuchagua njia ya anwani ya TCP/IP, sio kwa kuisubiri kompyuta iitafute. Vifaa vingi husikiliza kwenye mlango nambari 9100, kawaida iliyoanzishwa na HP na kuigwa na wengine. Kwenye Mac ni hivyo hivyo, kwa kuchagua sehemu ya IP na kuandika ile nambari.

Baada ya hapo kompyuta huuliza draiva, yaani ile programu ndogo inayoifundisha kuzungumza na printa. Wengi hukata tamaa hapa, kwa vile CD iliyokuja na printa ni ya enzi za XP na Windows mpya inaikataa. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Draiva za zamani ziliandikwa kwa mfumo wa biti 32, na Windows 11 ni ya biti 64 peke yake. Aidha, Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za viwanda kupitia huduma yake ya Windows.

Anayemiliki printa yenye lugha ya wazi hana haja ya kutetemeka. Windows ina draiva zake za jumla za PCL na PostScript, HP nayo ina moja inayozihudumia mashine zake nyingi, na Mac ina ya jumla inayoitwa Generic. Zinaweza kukosa pambo fulani, kama kuchagua trei ya pili, lakini ankara itatoka. Ikitoka karatasi iliyojaa alama zisizosomeka, ukurasa baada ya ukurasa, hiyo ndiyo dalili ya kuikosea lugha: kompyuta imesema PostScript na printa inajua PCL tu. Printa izimwe, foleni ifutwe, draiva ibadilishwe.

Simu ni habari yake. iPhone hutumia AirPrint, iliyoanza mwaka 2010, na simu za Android za miaka ya karibuni zina utaratibu unaofanana nayo. Printa ya 2001 haijui lolote kati ya hayo, na kisanduku cha kawaida pia hakijui. CUPS iliyowekwa vizuri kwenye ile kompyuta ndogo huweza kujitangaza kwa simu kama printa ya kisasa. Mwenye biashara aliyeko Kizimbani shambani bado hawezi kuchapa mjini kwa njia hiyo, kwani simu ni lazima iwe kwenye mtandao wa afisi, lakini akishaingia mlangoni tu anaweza kutoa agizo la hoteli bila ya kumsumbua mtu.

Na hapa tahadhari moja. Fundi akipendekeza kuifungua printa kwa intaneti ili ichapwe kutoka popote, akataliwe. Mwishoni mwa 2018 mtu mmoja alidai kuzifanya printa zipatazo 50,000 duniani kutoa tangazo lake, kwa sababu tu mlango wa 9100 ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Yeye alitaka mzaha. Mwengine angetaka jambo jengine.

Kuta za Mji Mkongwe

Mji Mkongwe, uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za kuzuia joto. Zinazuia joto vizuri, na mawimbi ya Wi-Fi pia. Ruta iliyoko chumba cha mbele huweza isisikike kabisa chumba cha tatu. Mwenye afisi hulaumu printa kwa kukata kazi katikati, kumbe ni ukuta.

Printa iwekewe waya. Waya wa mtandao unafika mita 100, wakati wa USB wa kawaida hauzidi mita 5. Kompyuta na simu zinaweza kubaki kwenye Wi-Fi, mradi printa na ruta zimeshikana kwa waya. Ukuta wa jengo la kale hautobolewi hovyo, kwani ukarabati ndani ya Mji Mkongwe husimamiwa na mamlaka yake ya hifadhi. Mara nyingi hakuna haja ya kutoboa. Juu ya milango, kandokando ya boriti, au kupitia uwazi wa ua wa ndani, waya hupata njia.

Unyevu nao una lake. Karatasi iliyoachwa wazi mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba, hunywa maji ya hewani na kujikunja, halafu printa ikalaumiwa kwa kukwamisha. Rimu ifungwe ndani ya mfuko wake, na trei itiwe za kutosha siku moja au mbili. Mpira wa kuvutia karatasi ukishakuwa mgumu na kung'aa, ufutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo kabla ya kufikiria kuubadilisha.

Kuhusu umeme, printa ya leza isichomekwe kwenye UPS inayolinda kompyuta. Inapopasha joto huvuta wati mia kadhaa kwa mkupuo, na UPS ndogo hulia na kuzima kila kitu. Kinachostahili kuwekwa kwenye UPS ni ruta, kisanduku na ile kompyuta ndogo. Printa yenyewe itumie stabilaiza ya kutosha au isubiri umeme.

Hesabu ya wino

Je, inalipa? Kila mmoja apige hesabu kwa bei ya mtaani kwake. Tuseme afisi inachapa kurasa 30 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hizo ni kurasa 780. Ikiwa steshenari ya jirani inatoza shilingi 200 kwa ukurasa, mwezi ni shilingi 156,000, bila ya kuhesabu mtu wa kutumwa na foleni ya kule. Katriji ya kawaida ya 1320, inayojulikana kama 49A, imekadiriwa na kiwanda kurasa 2,500 zenye maandishi machache, yaani zaidi ya miezi mitatu ya kazi hiyo. Ile kubwa, 49X, ni kurasa 6,000. Kwa LaserJet 4050 ya mwaka 1999 ipo ya kurasa 10,000. Hata wakati bei ya katriji inauma, ukurasa mmoja unabaki kuwa rahisi sana kuliko wa dukani.

Printa mpya ndogo ya wino wa maji huvutia kwa bei ya kununulia. Afisi inayochapa kila siku inaweza kufaidika na zile za matangi ya kujaza. Inayochapa kwa msimu, ikalala miezi miwili kabla ya mavuno, itakuta wino umekauka kwenye vitundu. Unga wa leza haukauki.

Kuna mashine moja zaidi isiyostahili kutupwa, nayo ni ile ya sindano na riboni, kama Epson LX-300, inayopiga kelele kama kinu. Ndiyo pekee inayoweza kutoa ankara ya nakala tatu kwa pigo moja kupitia karatasi ya kaboni, na mpokea mzigo akatia saini zote pamoja. Leza haiwezi. Lugha yake, ESC/P, ni ya wazi, na kisanduku chenye tundu pana kinaifaa.

Lakini ipo siku ya kuacha. Printa ambayo sehemu yake ya kuchomea wino imekufa na spea inagharimu nusu ya mashine nyengine, au ya lugha ya siri ambayo hata watu wa Linux hawajaitegua, isiendelee kulishwa pesa. Itakayonunuliwa badala yake, mpya au ya mtumba, iulizwe maswali mawili dukani kabla ya bei: ina tundu la mtandao, na inajua PCL au PostScript? Muuzaji akisita, achape ule ukurasa wa maelezo mbele ya mteja.

Kazi ya fundi ikimalizika, asilipwe bado. Swichi kuu ya afisi izimwe, watu wahesabu dakika tano, iwashwe tena. Bila ya mtu kugusa kitu, ichapwe ankara moja kutoka XP, moja kutoka Windows 11, moja kutoka Mac na moja kutoka simu. Zikitoka nne, alipwe. Zikitoka tatu, fundi avue viatu akae tena.